Ukuta wa Livingstone: Namna ya Kupanga Safari ya Meli Ziwa Nyasa

Meli zinazowapeleka watu kutazama barafu katika pwani za kaskazini mwa dunia, iwe Alaska au Norway, huuza kitu kimoja kikubwa: mlima mrefu unaotumbukia majini wima, ukitazamwa kutoka upande ambao hakuna barabara inayofika. Barafu na nyangumi ni kachumbari ya pilau hiyo. Na mlima wa namna hiyo tunao. Unaanzia Matema, wilayani Kyela, na kufuata ufukwe wa mashariki wa Ziwa Nyasa kuelekea kusini, ukipita wilaya ya Ludewa hadi jirani na Manda. Mtu wa Ibaba, wilayani Ileje, anayetoka nyumbani alfajiri, akipata magari vizuri, anaweza kulala chini yake usiku huohuo.

Ajabu ni kwamba vijana wengi wa Ileje na Tunduma wanaijua zaidi Alaska ya kwenye simu kuliko Lumbila, kijiji kilicho chini ya mlima huo. Siwalaumu. Safari ya Ziwa Nyasa haina anayeitangaza, na waliowahi kuifanya wengi wao walikuwa wanapeleka mahindi au wanakwenda msibani. Lakini inapangika, na yenye kuiharibu ni mambo machache tu. Msafiri wetu kwa kawaida huanza na nauli, kisha mahali pa kulala, kisha ndiyo anauliza meli inaondoka lini. Ningependa ageuze utaratibu huo: aanze kwa kuuliza ni saa ngapi meli itapita chini ya milima, na upepo wa msimu huo ukoje. Mengine yote yafuate.

Tuanze na mlima wenyewe, maana ukijua ulivyotokea utajua pa kutazama. Mabonde marefu ya Norway na Alaska ambamo meli hupita yalichongwa na barafu. Barafu nene ilishuka polepole kwa maelfu ya miaka, ikasaga mwamba, na ilipoyeyuka bahari ikaingia ndani. Ghuba ya Glacier kule Alaska ni mfano wa karibu mno: mwaka 1794, mabaharia wa nahodha George Vancouver walipoifikia, barafu ilikuwa imeijaza karibu hadi mlangoni. Leo imerudi nyuma takriban kilomita 100, na meli hupita pale palipokuwa barafu tupu. Sisi barafu yetu iko Kilimanjaro, nayo zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa tahadhari kwamba huenda itakuwa imemalizika ifikapo 2050.

Ziwa Nyasa halikuchongwa na kitu. Lilitokea kwa ardhi kupasuka. Bonde la Ufa limeivuta ardhi pande mbili, upande wa magharibi ukadidimia na upande wa mashariki ukabaki juu. Milima ya Livingstone, ambayo ni sehemu ya safu ya Kipengere, ni ukingo wa ufa huo. Ziwa liko karibu mita 470 juu ya usawa wa bahari, na vilele vilivyo juu yake vinapita mita 2,000. Ukiwa mita mia kadhaa tu kutoka ufukweni, macho yako yanapanda zaidi ya kilomita moja na nusu ya mwamba na msitu kwa mkupuo mmoja. Chini ya meli nako ukuta unaendelea. Kina cha ziwa hili hufika takriban mita 700 sehemu za katikati, na huku kaskazini chini ya maji kuna kilomita kadhaa za udongo na mchanga ulioporomoka kutoka milimani tangu ufa uanze. Sehemu ya udongo huo ni wa kwenu: maji mengi ya Ileje huingia Mto Songwe, na Songwe huishia ziwani Kyela.

Ukitazama kaskazini kutoka majini, siku hewa ikiwa safi, utaona na Mlima Rungwe, volkano yenye urefu wa karibu mita 2,960. Ufa huohuo ndio ulioizaa.

Sasa meli. Wapo watakaonung'unika kwamba meli yetu haina bwawa la kuogelea wala mpishi mwenye kofia ndefu. Ni kweli. MV Mbeya II ilijengwa palepale Kyela kwa fedha za Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, na ikaanza kazi mwaka 2021 ikiwa na uwezo wa kubeba abiria 200 na mizigo tani 200. Ni meli ya kazi. Lakini hata ile njia ya meli inayosifiwa kuliko zote kule Norway, Hurtigruten, ilianza hivyohivyo. Julai 1893 nahodha Richard With alianza kupeleka barua, mizigo na abiria kutoka Trondheim hadi Hammerfest, na mpaka leo meli za njia hiyo, kati ya Bergen na Kirkenes, hutia nanga bandari 34, nyingine saa nane za usiku, kushusha mizigo ya watu wa pwani. Watalii hulipa fedha nyingi ili wakae katikati ya shughuli hiyo. Kwa maoni yangu wana haki. Meli ya starehe humwonyesha abiria mlima. Meli ya kazi humwonyesha mlima pamoja na watu wanaoishi chini yake.

Simama kwenye reli meli inapofika kijiji kisicho na gati. Injini inapunguza mlio, nanga inashuka, na kabla haijakaa sawasawa mitumbwi imekwisha kufika ubavuni. Gunia la mihogo linapanda, kreti la soda linashuka. Mama mwenye mtoto mgongoni anakanyaga ukingo wa mtumbwi unaoyumba, anashika mkono wa kijana ambaye pengine hamjui, anaketi, anapokea kuku wake. Hakuna anayepiga kelele isipokuwa wenye madeni. Baada ya dakika chache mitumbwi inageuka, na juu yake kuna ukuta wa mlima wenye nyumba chache zilizoning'inia mahali ambapo ungedhani mbuzi tu ndiye angesimama. Vijiji kama hivyo vya Lumbila, Kilondo na Makonde vina njia za miguu za kupanda mlimani, na wenyeji wanazipanda na mizigo kichwani, lakini barabara yao kuu ni maji.

Kuhusu kupanda meli, jambo la kwanza kufahamu ni kwamba bandari ya Itungi, iliyozoeleka tangu zamani, inasumbuliwa na mchanga unaoletwa na mito, kwa hiyo meli hutumia Kiwira iliyo jirani. Usiende Itungi kwa mazoea ya baba yako. Watu wa Ibaba wanazijua barabara zao za milimani kuliko mimi, kwa hiyo nianzie Mbeya: stendi ya Nane Nane utapata kosta za Kyela zinazopita Tukuyu, kwenye mashamba ya chai na migomba. Ukitaka kuanzia Matema badala ya Kiwira, shukia Kikusya, kisha fuata barabara ya Ipinda. Mimi humshauri mgeni afike Matema siku moja au mbili kabla ya meli, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ratiba ya meli hubadilika, na bora kusubiri ufukweni kuliko kusubiri stendi. Ya pili ni vyungu.

Karibu na Matema, Lyulilo, kuna soko la vyungu siku ya Jumamosi. Wafinyanzi ni wanawake wa Kikisi wa Ikombe na vijiji vya jirani, ambao kwa vizazi wamekuwa wakifinyanga kwa mikono, bila gurudumu, na kupamba kwa udongo mwekundu na mweupe. Vyungu huletwa kwa mitumbwi, vimepangwa kimoja ndani ya kingine na kutandikiwa majani. Chagua kwa kugonga kwa kidole. Kinacholia vizuri kimeiva, chenye sauti iliyokufa kina ufa hata kama huuoni. Ukinunua, usikibebe kwenye safari yote. Mwachie mwenye nyumba ya wageni, au nunua siku ya kurudi.

Nirudi kwenye saa. Ukuta wa Livingstone uko mashariki ya ziwa, kwa hiyo jua huchomoza nyuma yake. Asubuhi mlima wote ni kivuli, unaona umbo tu. Uzuri wake hufunguka baada ya saa 9 alasiri, jua likiwa upande wa Malawi na kuupiga ukuta usoni. Mabonde yanajitenga na migongo, maporomoko ya maji yanang'aa, na nyasi za juu zinageuka rangi ya shaba. Ukisafiri kuelekea kusini, kaa kushoto ukitazama omo. Ukirudi kaskazini, kaa kulia. Jambo hili dogo limewakosesha watu safari nzima, maana ukielekea kusini, upande wa kulia wenye kivuli cha asubuhi ndio wanaouchagua wanaokimbia jua, na huko hakuna cha kutazama ila maji.

Safari ya Kiwira hadi Mbamba Bay, upande wa kusini, pamoja na vituo vyake, ni ndefu kiasi kwamba lazima usiku uingie njiani. Swali la kumuuliza karani wa tiketi basi ni hili: kati ya Matema na Lupingu, huko Ludewa, tutapita mchana au usiku? Akisema usiku, fikiria kupanda kwenye safari ya kurudi badala yake. Ningekubali kuchelewa siku mbili nyumbani kuliko kuupita ukuta huo nimelala juu ya gunia.

Usiku nao una chake. Kwenye giza la mwezi wavuvi wa usipa hutoka na taa, na ziwa hujipanga mistari ya mwanga ambayo huwezi kuitofautisha na mji ulio ng'ambo. Mbalamwezi ikiwapo taa huwa chache, lakini utaona mlima. Huwezi kupata vyote viwili, chagua. Wakati wa mwezi kuandama pia ndipo mara nyingi huonekana kungu, wadudu wadogo wanaoinuka majini kwa mabilioni hadi ukadhani ni moshi wa moto mkubwa katikati ya ziwa. Wingu hilo likija upande wenu, funika pua na mdomo kwa kanga. Wenyeji wa pande zote za ziwa huwakusanya, huwakanda na kuwaoka. Ladha yake ni ya kuzoea.

Kuhusu majira, Kyela ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Tanzania, na Aprili na Mei si miezi ya kutembelea. Baada ya hapo hewa husafishika na maporomoko ya mlimani bado yana maji, lakini unaingia msimu wa upepo wa kusini-mashariki, ambao upande wa Malawi huuita mwera. Upepo huu hupata nafasi ya kukimbia juu ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 550, na unapofika kaskazini umekwisha kuinua mawimbi ya kumfanya mtu wa milimani akumbuke sala zote alizofundishwa. Septemba na Oktoba mawimbi hupungua lakini moshi wa mashamba yanayochomwa hufunika kila kitu. Machaguo yangu ni mawili: nusu ya pili ya Juni kwa mwenye tumbo imara, na mwishoni mwa Novemba kwa wengine wote, mvua za kwanza zikiwa zimeosha moshi. Kwa mkulima wa kahawa wa milima ya Undali kule Ileje, Novemba ina faida nyingine isiyohitaji kuelezwa. Hasara yake ni joto na ngurumo za jioni.

Wanyama wa safari hii ni wadogo kuliko nyangumi, ila kwa utajiri wanamshinda. Furukombe utamwona juu ya miti ya ufukweni, kichwa cheupe, na mlio wake utausikia kabla hujamwona. Mamba na viboko wapo kwenye midomo ya mito, sababu tosha ya kutooga hapo. Lakini hazina kubwa iko kwenye mawe. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wa jamii ya sato, wanasayansi wanahesabu zaidi ya 700, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote. Wengi hubeba mayai na watoto kinywani. Rundo moja la mawe lina samaki wa buluu, na la pili, ng'ambo ya ghuba ndogo ya mchanga, lina ndugu zao wa manjano, kwa sababu samaki wa mawe haogelei juu ya mchanga mtupu na hivyo koo mbili hazikutani kuoana. Wote huishi sehemu ya juu tu. Chini ya takriban mita 250 maji hayana hewa ya oksijeni, na hayachanganyiki na ya juu. Ukifika Liuli au Mbamba Bay, kodi mtumbwi, nenda kwenye mawe, vaa miwani ya kuogelea, na utazame chini.

Hapa niweke neno la afya. Ziwa lina kichocho, hasa penye matete na maji yaliyotulia karibu na makazi. Kwenye mawe yanayopigwa na mawimbi hatari hupungua, haiishi. Kapime wiki sita hadi nane baada ya kurudi. Tiba yake ni vidonge na inapatikana. Malaria ya Kyela nayo si mgeni wa kupuuzwa na mtu aliyezoea baridi ya Ibaba, ambako mbu ni wachache. Chandarua ni mzigo mwepesi.

Historia utaipata bila kuitafuta. Mwaka uleule wa 1893 ambao With alianza kazi Norway, Wajerumani walikamilisha kuunga meli yao Hermann von Wissmann, iliyoletwa ziwani vipandevipande. Kituo chao cha kwanza, Langenburg, kilikuwa Lumbila, kabla hawajahamia kwenye baridi ya Tukuyu. Kisha Liuli, ambayo wao waliiita Sphinxhafen kwa ajili ya jiwe lililo bandarini lenye umbo la simba aliyelala. Mnamo Agosti 1914 meli hiyo ya Kijerumani ilikuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo, ndipo meli ya Waingereza, Gwendolen, ya Kamanda Rhoades, ilipotokea na kuipiga mzinga. Nahodha wa Wissmann, Berndt, aliyezoea kunywa na Rhoades, alichukua mashua akamfuata kwa hasira kuuliza kama amelewa. Habari za vita hazikuwa zimemfikia. Alichukuliwa mateka hapohapo. Liuli pia kuna kaburi la padri William Percival Johnson wa misheni ya UMCA, aliyefariki mwaka 1928 baada ya zaidi ya miaka 40 ya kuzunguka ziwa hili, miaka mingi kati ya hiyo akiwa karibu kipofu.

Rafiki yake, Askofu Chauncy Maples, hakupata kaburi la uzee. Septemba 1895 mashua yake ilizama usiku kwenye tufani, akafa maji. Na Julai 1946 meli Vipya, ikiwa mpya kabisa, ilizama upande wa Malawi katika upepo mkali na watu 145 wakapotea. Sisemi haya kumtisha mtu. Nasema kwa sababu mtu wa bara huwa analiona ziwa kama bwawa kubwa. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kwenye boti ndogo za mbao, kama hakuna jaketi okozi la kukutosha, usipande, hata kama kila mtu mwingine anapanda. Na kama nahodha ameahirisha safari, usimsukume. Kule Alaska manahodha hukaa mbali na uso wa barafu kwa sababu vipande vyake huanguka bila taarifa. Hapa kwetu kinachokuja bila taarifa ni upepo.

Chukua kitambulisho cha taifa. Hapa ni mpakani, na mpaka wenyewe bado una mjadala: Malawi inashikilia mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 unaoweka mpaka kwenye ufukwe wetu, Tanzania inasema uko katikati ya maji. Msafiri wa kawaida hayo yatamgusa kidogo sana, ila anaweza kuulizwa yeye ni nani.

Kurudi, sishauri urudi kwa meli kama ulikwenda nayo na uliona vizuri. Kutoka Mbamba Bay kuna lami hadi Mbinga, kisha Songea, kisha Njombe na Makambako, ambako unaikamata barabara kuu ya Mbeya na Tunduma. Ni mzunguko mzuri, na utakuwa umeuona mlima uleule kwa mgongoni, kutoka Njombe kwenye baridi inayofanana na ya kwenu.

Kwa wale ambao bado wana hamu ya barafu na wana uwezo, kanuni ni zilezile za saa na upande, ila makaratasi ni mazito. Msimu wa Alaska ni Mei hadi Septemba. Meli nyingi ni za bendera za kigeni, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazizuia kusafirisha abiria kati ya bandari zake bila kupita nchi nyingine. Kwa hiyo hata ukipandia Seattle, meli itapita Kanada, na Mtanzania atahitaji viza za nchi zote mbili. Norway inahitaji viza ya Schengen, na ukitaka kwenda visiwa vya Svalbard, ambavyo viko nje ya Schengen, hakikisha viza yako inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo hutaweza kurudi bara. Ghuba ya Glacier huruhusu meli kubwa mbili tu kwa siku, kwa hiyo kabla hujalipa soma kama ratiba yako inaitaja kwa jina au inasema barafu tu.

Wewe wa Ibaba unayefikiria Novemba hii, usisubiri tangazo. Mtafute mtu wa Kyela akuulizie bandarini Kiwira mwanzoni mwa mwezi: meli inaondoka siku gani, na itaiacha Matema saa ngapi. Jibu likiwa ni kabla ya saa 9 alasiri, kata tiketi.